Picha kumi na nne za damu ya mzee

Mwaka 2013 mteja mmoja wa Montrose, hapa Houston, alitaka chumba chake cha kulia chakula kipakwe rangi ambayo mimi tangu utoto naijua kwa jina la damu ya mzee. Yeye aliiita kwa jina la tunda fulani, nami nikaitikia kama ninayelijua. Nikamletea kadi tano za rangi, akazikataa zote. Hii imezidi wekundu. Hii kama mvinyo. Hii ya makochi ya hotelini. Mwishowe akaniambia, vuka mtaa, kuna kikanisa pale, hakina kiingilio, katazame rangi ya mle ndani halafu urudi tuongee.

Nikaenda saa ya chakula cha mchana na ovaroli yangu mwilini. Ilikuwa Julai, na jua la Houston la Julai unaweza kuanikia dagaa wakakauka kabla hujamaliza kuwatandaza. Sikwenda kusali. Nilikwenda kuona sampuli, na kama kuna kiyoyozi, basi heri zaidi.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi rangi. Kazi nilifundishwa na baba yangu mdogo, Rombo kwanza, kisha Moshi mjini. Huku Texas nimefika 2009, na kuta ndizo zinazonilisha mpaka leo.

Kwa nje kikanisa chenyewe hakikuiti. Matofali matupu, hakuna dirisha, hakuna mnara, hakuna msalaba. Ukiambiwa ni jengo la mitambo ya umeme utakubali. Mlangoni kuna benchi lenye vitabu vitakatifu, Biblia, Kurani, na vingine vya dini nisizozijua. Dada wa mapokezi alinong'ona kwamba ndani hatupigi picha na hatuongei. Akatazama viatu vyangu vilivyojaa madoa, akatazama ovaroli, akanipisha kwa heshima zote. Nadhani alijua nimeitwa kurekebisha kitu.

Ndani ni chumba cha pembe nane. Kuta za kijivu, mabenchi machache ya mbao katikati, mwanga unashuka kutoka darini. Kutani kumetundikwa vitambaa vya turubai, vingine vyenye kimo cha kama mita 4 na nusu, vimepakwa rangi nzito. Basi. Hakuna mtu, hakuna njiwa, hakuna hata kichaka. Wazo langu la kwanza nitaliandika hapa bila kona: kazi haijaisha. Wamepiga koti za chini, mchoraji bado hajafika.

Nikafanya anachofanya fundi yeyote akiingia kwenye kazi ya mwenzake. Nikasogea hadi karibu na ukuta, nikainamisha kichwa, nikatazama rangi kwa ubavu. Mwenye nyumba hutazama ukuta kwa mbele. Fundi hutazama kwa ubavu, kwa sababu huko ndiko unakoona wapi mtu alichoka, wapi rola ilikauka, wapi msasa haukupita. Na kwa ubavu nikaona kwamba zile nilizodhani ni nyeusi zina mambo. Kuna mstatili mweusi katikati, umezungukwa na ukingo wa damu ya mzee, na weusi wenyewe hautulii: mahali unang'aa kidogo, mahali umefifia kama mkaa. Picha nyingine hazina mstatili kabisa. Hizo ni zambarau ya giza kutoka ukingo hadi ukingo, lakini ukizipa dakika tano unaanza kuona brashi ilikopita, mawingu mawingu, kama mvua inayojikusanya upande wa Tsavo. Nikahesabu. Zenye mstatili saba, zisizo nao saba. Mlinzi akakohoa. Pua yangu ilikuwa imekaribia mno kitambaa.

Nikarudi kwa mteja nikamwambia, mama, rangi nimeiona, ila si moja. Akacheka, akasema ndiyo shida yake na yeye. Tulipiga andakoti ya kijivu, kisha koti tano, na hatukuifikia.

Ikabidi nimtafute fundi mwenyewe ni nani. Mark Rothko alizaliwa mwaka 1903 katika familia ya Kiyahudi, mji wa Dvinsk, ambao leo uko Latvia, akavushwa bahari akiwa mtoto wa miaka kumi hadi Oregon, magharibi mwa Marekani. Mwaka 1964 John na Dominique de Menil, mume na mke Wakatoliki waliohamia Houston kutoka Ufaransa, walimwagiza picha za kikanisa. Mwanzo kilipangwa kiwe kikanisa cha Kikatoliki, cha Chuo Kikuu cha St. Thomas kilicho jirani. Mwisho kikawa cha watu wa dini zote na wasio na dini. Mandela alizungumza humo Desemba 1991, hata miaka miwili haijatimia tangu atoke jela.

Lakini mimi kilichonishika ni namna kazi ilivyofanyika. Rothko alichukua banda la zamani la magari ya farasi huko New York, akasimamisha ndani yake kuta za mfano zenye kipimo kilekile cha kikanisa. Vitambaa akavipandisha na kuvishusha kwa kamba na kapi. Chini ya dirisha la paa akatandaza parachuti ili mwanga uchujike. Koti za chini walipaka vijana wawili aliowaajiri, haraka haraka, isije ikakauka kwa mabaka. Hapo nilijiona mimi kabisa, maana nimepaka hivyo maisha yangu yote huku tajiri amekaa kwenye kiti anatazama. Naye ndivyo alivyokuwa, amekaa anatazama. Miezi na miezi alikuwa akibadilisha kipimo cha ule mstatili mweusi, ukingo uongezwe inchi, upunguzwe nusu inchi. Mimi mteja akinibadilishia kipimo mara ya tatu naongeza bei.

Na ule weusi aliuchanganya na mayai. Mayai mazima, pamoja na rangi ya mafuta, utomvu na tapentaini. Kwetu fundi akionekana na mayai saiti, ujue ni kifungua kinywa. Miaka ilipopita, weusi huo ulianza kutoa ukungu mweupe juu yake, ndio ule niliouona kwa ubavu nikadhani ni vumbi. Kazi yangu ingetoa ukungu ningepigiwa simu usiku. Wao wamewaita wataalamu wa kuhifadhi picha.

Alimaliza 1967, picha zikakaa stoo. Februari 1970 Rothko alijiua studioni kwake. Kikanisa kilifunguliwa Februari 1971, kwa hiyo hakuwahi kuziona zikiwa mahali pake. Na mahali pake palikuwa na shida. Dirisha la paa lilijengwa kwa mfano wa lile la New York, lakini jua la Texas lilikuwa jua la Texas. Lilimwagika mle ndani hadi likaziumiza picha na macho ya watu. Wakafunga kitambaa, baadaye wakatundika kitu kipana chini ya dirisha kuzuia mwanga, hicho nacho kikaleta kivuli kizito, mpaka 2019 walipofunga milango wakabadilisha dirisha zima na kufungua tena Septemba 2020. Miaka karibu hamsini ya kuhangaika na mwanga. Siwacheki. Mwaka 2011 nilipaka sebule ya mtu rangi aliyoichagua mwenyewe dukani chini ya taa nyeupe. Jua la jioni lilipoingia, ukuta ukageuka waridi kama keki ya harusi. Nilirudia kwa fedha yangu, galoni nne na siku mbili, na chai sikupewa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, hadi Rombo.

Mwaka 1998, nikiwa na miaka 16, baba mdogo alipewa kazi ya kupaka upya vituo vya Njia ya Msalaba kanisani kwetu. Kwa wasio Wakatoliki: ni picha kumi na nne zinazozunguka ukuta wa kanisa ndani, tangu Yesu anahukumiwa hadi anazikwa, na kila Ijumaa ya Kwaresima waumini huzipitia moja baada ya nyingine. Za kwetu zilikuwa sanamu za plasta kwenye mbao, kila moja ukubwa wa sinia. Tulizishusha zote tukazipanga kwenye nyasi nyuma ya sakristia. Vibao vya namba tuliving'oa ili brashi ipite vizuri. Baba mdogo alipaka nyuso, mimi nikapewa kofia za askari na mbao za msalaba.

Siku ya kuzirudisha ukutani baba mdogo alikuwa kalazwa na malaria. Akaniachia. Sasa, Yesu anaanguka mara tatu katika ile njia: kituo cha tatu, cha saba na cha tisa. Katika sanamu zetu, anapoanguka mara ya kwanza bado ana goti moja juu. Mara ya tatu amelala kifudifudi, mkono umetupwa mbele. Mimi nikazibadilisha. Ijumaa ya kwanza, kanisa limejaa, wakafika kituo cha tatu wakamkuta Bwana yuko chini kabisa kama asiyeamka tena. Wakaenda, wakaenda, kituo cha tisa wakamkuta ameinua goti. Katekista alinitafuta kwa macho kutoka mbele mpaka nyuma nilikokuwa nimejibanza na vijana wenzangu. Nje mama alinivuta sikio mbele ya watu. Bibi mmoja jirani yetu akamwambia mwache mtoto, mimi leo nimeenda nyumbani na nguvu, nimeona mara ya mwisho anainuka. Jumamosi asubuhi nilipanda ngazi nikazibadilisha, na malipo yangu ya wiki sikuyaona.

Wengine wakiona picha ya vipande vingi wanauliza kwa nini hakuchora moja kubwa akamaliza. Mimi swali hilo halinisumbui tangu ile Ijumaa. Katika Njia ya Msalaba mtu hasali mbele ya picha tu. Unapiga goti, unaitikia, unainuka, halafu kanisa zima linaimba ubeti mmoja huku mnasogea kwenda kituo kinachofuata. Hatua nne, tano. Pale kwenye sakafu tupu kati ya picha na picha, hakuna padre anayesoma chochote, kila mtu anabaki na ya kwake. Nilikuwa nikimtazama mama kila mwaka. Mbele ya sanamu uso wake ulikuwa mkavu. Machozi yalimtoka kwenye zile hatua.

Kwa hiyo Kwaresima ya 2015, Ijumaa moja nimetoka kazini mapema, nilirudi kwenye kikanisa cha Rothko na wazo ambalo sikumwambia mtu. Picha ni kumi na nne. Vituo ni kumi na vinne. Watu wengi wamekwisha kuona ulinganifu huo, sijavumbua kitu. Ila picha hazina majina wala namba, na aliyezipaka hakuwa Mkristo. Nilitaka tu kuzipitia kwa miguu nione zinafikaje.

Shida ya kwanza ni kujua unaanzia wapi. Kanisa la kwetu lina ukuta wa kushoto na wa kulia, unaanzia mbele, unazunguka nyuma, unarudi. Pembe nane hazina mbele. Ukitazama picha tatu, kumi na moja ziko ubavuni na mgongoni kwako, unazihisi kama watu waliosimama nyuma yako foleni ya benki. Nikaamua kuanzia kwenye ukuta wa kusini, ambako kuna picha moja nyembamba kati ya milango miwili, mstatili mweusi. Ya kwanza, anahukumiwa. Nikaenda kwa mkono wa kushoto wa mlango unapoingia. Kwenye kona kuna moja ya zambarau tupu. Ya pili, anapokea msalaba. Ukuta wa magharibi una tatu zilizotundikwa pamoja, na ile ya katikati imeinuliwa juu kuliko wenzake. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kona, ya sita. Ukuta wa kaskazini, ambao ndio kama altare, tatu za zambarau, zote kimo kimoja. Ya saba, ya nane, ya tisa. Kona, ya kumi. Ukuta wa mashariki tatu tena, ya katikati imeinuliwa. Kona ya mwisho, ya kumi na nne, anazikwa, na hapo uko karibu na mlango wa kutokea.

Nilipofika ukuta wa mashariki nikasimama, nikaanza kuhesabu tena kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Kumi na moja, anapigiliwa misumari. Kumi na mbili, anakufa msalabani. Kumi na tatu, anashushwa. Ile iliyoinuliwa ni ya kumi na mbili. Nikageuka nikatazama ukuta wa pili, unaokabiliana na huo. Iliyoinuliwa kule ni ya nne, na kituo cha nne ni Yesu anakutana na Mama yake. Yaani kwa hesabu yangu picha mbili zilizopandishwa juu, zinazotazamana chumba kizima, ni mama na mwana anayekufa. Na kule kaskazini, kuanguka mara ya pili na mara ya tatu kumesimama huku na huku kwa wanawake wa Yerusalemu wanaolia. Nikajaribu kuzunguka upande mwingine, kulia badala ya kushoto, nikijua sasa hesabu itavunjika. Haikuvunjika. Chumba kina pande mbili zilizo sawa, kumi na mbili inaangukia iliyoinuliwa vilevile, na nne inaitazama.

Sisemi Rothko alikusudia. Ukiwa na namba kumi na nne na kuta zilizopangwa kwa ulinganifu, vitu vingi vitakutana vyenyewe. Lakini nilikuwa nimesimama pale na mkoba wa brashi begani na miguu ikanilegea, nikakaa benchi.

Usiku nilimpigia mama. Huku saa tatu usiku, kwao saa kumi na moja alfajiri, anajiandaa kwenda misa. Picha ya kumtumia sikuwa nayo, kwa kuwa ndani hawaruhusu, ikabidi nimsimulie kwa mdomo.

“Sasa hapo kwenye ya kumi na mbili wamemchoraje?”

“Hawajamchora, Mama. Ni nyeusi, na pembeni damu ya mzee.”

“Na Mama Maria?”

“Hivyo hivyo.”

Kimya. Nikasikia jogoo.

“Zote hakuna kitu?”

“Zote. Nyingine ni zambarau tu.”

“Zambarau,” akasema. “Basi wamefunika.”

Jumapili ya tano ya Kwaresima kanisani kwetu misalaba na sanamu hufunikwa vitambaa vya zambarau, mpaka Pasaka. Unaingia unamkuta Mtakatifu Yosefu amekuwa umbo tu ndani ya shuka. Utotoni nilikuwa naogopa zaidi hapo kuliko siku nyingine zote, kwa sababu ukijua kilichomo halafu usikione, unakitazama mara mbili. Nilikaa na simu sikioni nikiwaza, miaka miwili nazunguka na kadi za rangi, mama amepata jibu akiwa amekaa kitandani na hajavaa hata kanga. Nikataka kumsifu. Akaniwahi.

“Lakini mwanangu, Njia ya Msalaba huwa haifunikwi. Zinafunikwa sanamu. Nani amewaambia wafunike Njia ya Msalaba?”

Nikamwambia sijui, Mama. Akasema nikirudi niwaulize.

Nje ya kikanisa, katika bwawa la maji, kuna nguzo ya chuma iliyokatika juu, imesimama kwa ncha juu ya ncha ya piramidi. Imewekwa kwa kumkumbuka Martin Luther King. Ni kazi ya Barnett Newman, na huyu Newman naye alikuwa Myahudi wa New York, na naye alipaka picha kumi na nne, akaziita hasa Vituo vya Msalaba. Nilizikuta Washington 2018, nilipokwenda Maryland kwenye harusi ya binamu. Ndugu walikwenda madukani, mimi nikaenda National Gallery, jumba la taifa la sanaa. Alizipaka kati ya 1958 na 1966. Alianza muda mfupi baada ya kuugua moyo, na mpaka alipofika picha ya nne ndipo aliposema amejua anachokipaka. Ni nyeusi na nyeupe tu juu ya turubai isiyopakwa praima, mistari ya wima, kila picha inazidi kidogo kimo cha mtu.

Kwenye picha ya kwanza kuna mstari ulioachwa kwa tepu, na rangi imepenya chini ya tepu ikatoka nje kama manyoya. Kwetu hilo ni kosa la wiki ya kwanza ya kazi, unakatwa hela. Yeye ameliacha, na kwa kweli hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko picha yoyote ya jengo lile, kwa sababu mstari ulionyooka upande mmoja na uliochanika upande mwingine unafanana na mtu anayejikaza asilie.

Ila na Newman nina ugomvi. Alieleza kwamba kwake vituo si ile safari ya kupanda Golgotha, ni lile swali moja la msalabani, mbona umeniacha, ndiyo maana akaipa kazi yote jina la pili, Lema Sabachthani. Picha zote kumi na nne ni kilio kimoja. Namwelewa. Swali halina hatua, linakupiga mara moja. Lakini kama ni kilio kimoja, mbona ametupa kumi na nne? Mimi nilipozipitia nilijikuta natembea, napunguza mwendo, nasimama, na kwenye sakafu ya mbao kati ya ya tisa na ya kumi nikamkumbuka baba mdogo, ambaye wakati huo alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma na sikuweza kwenda kumzika. Picha haikunikumbusha. Sakafu ndiyo iliyonikumbusha.

Huku Houston kuna picha nyingine ya vipande vitatu, karibu na kikanisa, katika jengo la picha za mchoraji Cy Twombly, urefu wake kama mita 16, alianza 1972 akamaliza 1994. Watu wanaiheshimu sana. Nimekwenda mara tatu. Naona mashua, naona maandishi yanayotiririka, naona mtu anaaga. Sijaipenda, nadhani nyeupe imezidi, lakini huenda ni mimi. Nyeupe ndiyo rangi ninayoipaka siku tano kati ya sita.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita juu ya Houston. Umeme ulikatika siku kadhaa, na kuanzia wiki iliyofuata sikupata nafasi hata ya kufua ovaroli: dari zilizolowa kila mtaa, madoa ya kahawia yenye umbo la ramani. Doa la maji lina ubishi. Ukilipaka juu bila kulizuia kwanza litarudi, hata upige koti kumi. Agosti nikasikia kikanisa kimefungwa. Maji yaliingia darini, yakashuka kwenye kuta na kwenye baadhi ya picha. Nilipita siku moja na gari, nikasimama ng'ambo ya barabara kati ya zile nyumba za mbao za jirani, zote za wenye makumbusho ya Menil, zote kijivu kimoja. Mlango umefungwa. Niliwaza mambo ya kifundi: kitambaa kile kikilowa, yale mayai yanafanya nini?

Kikafunguliwa tena Desemba. Nilikwenda siku za katikati ya wiki ambazo hakuna watu. Jambo la kwanza nilitazama dari, natafuta kiraka. Nikatazama kwa mbele, nikatazama kwa ubavu. Sikukipata, na aliyefanya kazi ile, popote alipo, nampa mkono. Kisha nikaanza kutembea, kusini, kona, magharibi. Kwenye ya nne nilisimama sana. Nikaendelea.

Nilikuwa nimefika kaskazini wakati kijana mmoja alipoingia na mkeka mdogo kwapani. Akatazama simu yake kidogo, akageuka, akageuka tena, akatandika mkeka kuelekea ile kona ya kaskazini na mashariki. Kwa watu wa Houston kibla kiko huko. Kwa hesabu yangu hiyo ni picha ya kumi, Yesu anavuliwa nguo. Kwake ulikuwa upande wa Maka, na picha ilikuwa kitambaa cha zambarau kilichotokea kuwa njiani. Akainua mikono akaanza.

Kupita mbele ya mtu anayeswali, hata sisi wa Rombo tunajua haifai. Ili nifike ya kumi ningelazimika kumkatiza. Nikabaki hapo hapo kwenye ya tisa, mkoba wa brashi nimeushusha sakafuni polepole usilie, nikasubiri amalize.